Kutembelea uchimbaji wa akiolojia kwenye nyumba ya enzi ya ukoloni, Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka napokea wageni wanaosema Kiswahili, wengi kutoka Kisumu, Mwanza na Bunia, na wengine ni Waganda wenzangu waliokulia kambi za jeshi. Maswali yao ni yaleyale, hadi nayajua kwa mpangilio. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa tukiwa njiani. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja, maana hayana mengi.

Uchimbaji uko wapi? Nikija wakati wowote nitaukuta?

Hutaukuta. Timu inakuja, inachimba wiki tatu, nne, pengine sita, inafukia na kuondoka. Mara nyingi huwa kati ya Juni na Agosti vyuo vikuu vikiwa likizo, au Desemba hadi Februari mvua ikiwa imekata. Ukija Aprili utakuta nyasi na tope.

Pa kuulizia ni Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kitante, Kampala, kwenye Barabara ya Kira. Wanaoshughulikia malikale wapo hapo, na hakuna anayechimba kihalali bila wao kujua. Mtafiti anahitaji pia kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kijana wa bodaboda akikuambia anajua "mahali wazungu wanachimba", muulize kwanza kama kuna kamba zilizofungwa na ndoo zenye namba. Kama hakuna, huenda ni watu wa zebaki. Hao nitawafikia hapa chini.

Nyumba ya mkoloni ina nini cha kuchimbwa? Si kila kitu kiliandikwa?

Wanaouliza hili ni wale waliosoma, nami hulipenda. Ni kweli, bwana DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, aliandika. Aliandika barua, ripoti za mwaka, hesabu za kodi ya kibanda (rupia 3 kwa kibanda, kwa Mkataba wa Buganda wa 1900), hata malalamiko juu ya paa linalovuja. Lakini wahesabu waliolala kwenye kiwanja hicho usiku mmoja: mzungu mmoja au wawili, halafu mpishi, msaidizi wa mpishi, dobi, yaya, tarishi, askari wa getini, pamoja na wake na watoto wa hao wote. Mchana waongeze wafungwa walioletwa kufyeka nyasi. Mzungu aliacha karatasi. Hao wengine waliacha taka.

Ndiyo maana mwanaakiolojia anayeijua kazi yake haanzii sebuleni. Anakwenda nyuma ya jiko kutafuta shimo la taka, kisha anakwenda boizikota, vile vyumba vya uani ambavyo kwenye ramani ya nyumba ni visanduku visivyo na jina. Nami wageni nawapitisha hukohuko. Veranda tunaipita bila kusimama. Wapo wanaonuna kwa sababu walitaka picha kwenye ngazi. Picha tutapiga tukitoka.

Uani ndiko kwenye mambo yasiyo katika ripoti. Chukua debe. Mafuta ya taa yalikuja katika makopo ya galoni nne, na jina la kopo hilo ndilo tunalopimia mahindi sokoni mpaka leo. Mafuta yakiisha, kopo likawa ndoo. Ndoo ikitoboka, likakunjuliwa likawa bati la paa, kisha kiraka cha mlango. Nyumba kubwa iliezekwa mabati mapya kutoka ng'ambo, na nyumba ya mtumishi ikafunikwa makopo yaliyokunjuliwa. Mchimbaji akikuta vipande vya debe vyenye matundu ya misumari pembeni, hahitaji barua ya DC kumweleza nani alilala wapi. Tena katika shimo hilohilo la taka unaweza kukuta vigae vya chungu kilichofinyangwa kijiji cha jirani, kimeshika masizi, vimelala juu ya vipande vya sahani ya kaure ya Uingereza. Uwanja mmoja, meko mawili.

Wengine huniuliza kwa nini wataalamu wasiende Bigo bya Mugenyi, ile ngome ya kale yenye mahandaki, kwenye mambo makubwa. Wameshakwenda. Peter Shinnie alichimba huko 1957, Merrick Posnansky akafuata 1960, na mahandaki yale karibu na mto Katonga yana urefu wa zaidi ya kilomita 10. Nayaheshimu. Ila kiwanja cha DC kina kitu ambacho Bigo haina: bado wapo wazee ambao mama zao walipika humo.

Wenyeji wanashirikishwa, au wanatazama tu kwenye ua?

Wanafanya kazi, tena kuna siku wao ndio wanaofundisha. Msimu mmoja kilitoka kipande cha bati, ukubwa wa viganja viwili, kimetobolewa matundu mengi kwa msumari. Wanafunzi wakakitia kwenye mfuko na kuandika "chujio". Akaja bibi mmoja wa jirani aliyeleta mihogo ya kuuza, akachungulia kwenye trei, akacheka hadi akakaa chini. Akaomba akishike. Akakigeuza. Upande wa pili, pale ncha ya msumari ilipotokea, kila tundu lilikuwa na meno.

"Wanangu, hiki si cha kuchuja. Hiki ni cha kukwaruzia muhogo."

Akapitisha ukucha juu yake, krrr, tukasikia sote. Mfuko ukaandikwa upya, na mihogo yake ikanunuliwa yote bila kupunguziwa bei.

Nikifika nitaona nini hasa?

Kidogo kuliko ulivyotarajia. Mraba wa mita mbili kwa mbili, ndio tunaouita mtaro, kamba nyeupe, misumari mirefu kwenye pembe, watu wamepiga magoti. Wanakwangua kwa mwiko wa mwashi, siyo jembe. Udongo unaingia kwenye karai, karai linakwenda kwenye chekeche, na watu wawili wanalitikisa chekeche hadi vumbi linawafanya wafanane.

Kaa kwenye chekeche. Mtaroni utakuwa unatazama migongo ya watu, lakini kwenye chekeche kila dakika kumi kuna kitu: kitako cha chupa, kifungo cha kanzu au cha sare, shanga nyekundu ndogo kama punje ya mtama, ganda la risasi, kishikio cha kikombe. Mifupa usiitegemee sana. Udongo wetu mwekundu una tindikali, hula mfupa taratibu, kwa hiyo nyama waliyokula watu huonekana kwa shida kuliko chupa walizokunywa.

Ukimaliza hapo, mwombe kiongozi wa mtaro akuonyeshe ukuta wa mtaro. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi na mifuko ya plastiki, yaani sisi. Chini yake pengine utaona ukanda wa majivu, halafu vipande vya tofali na chokaa, halafu udongo mwekundu mtupu ambao hakuna mtu aliyeugusa. Watajadiliana kwa sauti ya chini kuhusu kidoa kimoja kwa saa nzima. Mara nyingi aliyesababisha ubishi ni mchwa, ambaye hupandisha na kushusha vitu bila kuuliza mtu.

Kwa nini tunakatazwa kusimama ukingoni?

Kwa sababu yangu. Msimu wangu wa kwanza niliegemea ukingoni nikiwaeleza watoto wa shule, kwa majivuno kidogo, na kipande cha ukuta kikamomonyoka kikaangukia pale walipokuwa wamechora tangu asubuhi. Mchoro wa nusu siku ukaenda. Mama aliyekuwa akichora hakunifokea. Alinipa ndoo na mwiko, akasema, "Anza na hicho chako." Tangu siku hiyo nasimama hatua mbili nyuma, na mgeni wangu nyuma yangu.

Wanajuaje kitu ni cha mwaka gani?

Kwa nyumba za kipindi hiki hakuna haja ya mitambo mikubwa kila mara. Macho na subira hutosha. Chukua chupa. Tazama ule mstari ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mstari ukipanda mpaka juu kabisa ya mdomo, chupa ilitoka kwenye mashine, na mashine ya chupa ya Michael Owens wa Marekani ni ya mwaka 1903. Ukikomea shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Jaribu na chupa ya soda ya leo kwanza, utauona.

Fedha nazo husema. Kauri, yale makombe madogo ya baharini, ndizo zilizokuwa fedha za Buganda, na ndiyo maana Mganda mpaka leo pesa anaziita ensimbi, yaani kauri. Rupia ikatumika hadi 1920, florini ikapita haraka kama mgeni wa mchana, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia 1921. Senti ya tundu ikitoka chini ya sakafu, sakafu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya senti hiyo kutengenezwa. Angalieni mwelekeo: sarafu inatuambia sakafu si ya kabla ya lini, haituambii iliwekwa lini, maana sarafu huzunguka mifukoni miaka mingi.

Halafu kuna reli. Kabla haijafika Kisumu, mwishoni mwa 1901, sahani na misumari mingi vilitoka pwani kichwani mwa mpagazi, safari ya miezi. Baadaye mizigo ilivuka ziwa kwa meli. Kwa hiyo shimo la taka la miaka ya 1890 kwa kawaida ni maskini wa vioo na chuma, na la miaka ishirini baadaye limenenepa. Kampala yenyewe ilifikiwa na reli 1931.

Naweza kuchimba?

Kuchimba, hapana, isipokuwa umejiandikisha mapema kama mfanyakazi wa kujitolea na jina lako liko kwenye kibali. Kuosha vigae kwa mswaki, mara nyingi ndiyo. Usiudharau huo mswaki. Vigae vinaoshwa kwa maji kidogo na havikwaruzwi, na wakikuambia kigae fulani kisiguswe maji, ni kwa sababu wanataka mabaki ya chakula yaliyogandia ndani.

Nikiokota kakipande kadogo tu, ukumbusho?

Kirudishe pale ulipokiona, siyo karibu na pale. Kitu kikishahama bila kuandikwa kinabaki kizuri machoni, lakini hakisemi tena kilikuwa na nani. Sheria nayo ipo: ile ya makumbusho na malikale ya 2023, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1967.

Tena nchi hii ina kidonda chake. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa kazini kwenye kilima cha Luzira walifukua kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, kazi ya ajabu, na ukitaka kukiona leo ukate tiketi ya London, kiko British Museum. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 Kampala. Watu walipiga makofi, kisha wakasoma maandishi madogo: kwa mkopo. Sasa mgeni wangu akitaka kuondoka na kishikio cha kikombe, namwambia tumeshakopeshwa vya kutosha.

Ni kweli wakoloni walizika dhahabu? Na zebaki nyekundu?

Si kweli. Sijui niliandikeje hili lieleweke. Katika nchi zetu zote kuna hadithi kwamba chini ya nyumba za wakoloni, chini ya nguzo za zamani, hata makaburini, kuna dhahabu au zebaki nyekundu ya mamilioni. Tanzania wanasema ni rupia za Mjerumani. Watu wamechimbua misingi ya nyumba nzuri usiku, wakaacha kuta zimepasuka na shimo limejaa maji.

Ukiona sura za vijana zinabadilika timu inapofungua trei, sababu ni hiyo. Dawa tuliyoigundua ni kuwaonyesha wote, kila jioni, kila kilichotoka: misumari, vioo, mifuniko, vigae. Wakishaona siku tano mfululizo kwamba wataalamu wanafurahia kutu, wanaenda zao. Mashine za kutafutia chuma usije nazo. Utatufanya tuonekane sote watu wa zebaki.

Wakikuta kaburi?

Kazi inasimama, polisi na viongozi wa eneo wanaitwa, na wazee wanasikilizwa kabla ya mtu yeyote kuendelea. Simu zote zinaingia mfukoni. Mgeni anasogea kando hata kama amelipa.

Kiswahili kitanitosha?

Kwa kazi yenyewe ndiyo, kwa moyo wa watu hapana. Kiswahili ni cha zamani hapa kuliko wengi wanavyodhani: wafanyabiashara wa pwani walikuwa katika ikulu ya Kabaka Suuna miaka ya 1840, kabla Mzungu yeyote hajaonekana. Baadaye kikawa lugha ya askari na ya amri, na hapo ndipo kilipoharibikiwa jina. Mzee wa Buganda ukimwanza kwa Kiswahili kikavu anaweza kukumbuka kizuizi cha barabarani na bunduki. Baraza la mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini kumbukumbu haibadilishwi na baraza.

Anza na salamu yao. Kwa Waganda, "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, na bibi au babu muite jjajja. Usikimbize salamu, ina maswali yake na majibu yake, na mtaro haukimbii. Ukifika Acholi, kaskazini, "apwoyo" itakufungulia mlango. Baada ya hapo Kiswahili kitapokewa, na mara nyingi mtu wa kwanza kukijibu ni mfanyakazi wa chekeche aliyetoka Busia au Arua.

Nivae nini?

Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, kofia. Ndara ziache, kuna vioo, miiba na funza. Nguo nyeupe itarudi nyumbani ya rangi ya chungwa na itabaki hivyo.

Watoto?

Karibuni, kuanzia miaka saba hivi. Wadogo zaidi huona mchanga na kufanya kile mtoto anachofanya na mchanga.

Picha na droni?

Picha omba kwanza, na usipige kwa karibu kitu ambacho bado kiko ardhini kisha ukakirusha mtandaoni na jina la mahali. Unawaitia watu wa usiku. Droni iache kwenu. Uganda huiingizi wala huirushi bila kibali, na forodha hawana mzaha nayo.

Nikija kutoka nje ya Uganda nahitaji nini mpakani?

Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, siyo chini ya begi kwenye buti la basi.

Ni bei gani?

Inategemea mahali na timu, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda gari. Siandiki bei hapa kwa sababu nikiandika mtanionyesha simu mwaka kesho mkisema nilidanganya. Akikudai mtu pesa getini bila risiti, omba risiti kwa upole kisha usubiri. Subira hiyo huwa inapunguza bei yenyewe.

Timu imeshaondoka. Twende wapi basi?

Nenda Patiko, kama kilomita 30 kaskazini ya Gulu. Si nyumba ya DC. Ni ngome ya mawe aliyoijenga Samuel Baker 1872 akiwa mtumishi wa Khedive Ismail wa Misri, mahali palipokuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa. Wengi huambiwa Baker aliwakomboa watu, na hapo sitabishana nanyi. Nitawaomba tu mtazame vyumba vile vidogo vya mawe, mwinamishe kichwa mwone milango ilivyo mifupi, kisha mmsikilize mwenyeji wa Patiko akisimulia anavyosimulia yeye.

Dufile, kule West Nile kando ya mto, alikaa Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Equatoria, baadaye wakaja Wabelgiji. Kulichimbwa kitaalamu katikati ya miaka ya 2000. Njia yake si ya mtu mwenye haraka.

Kampala yenyewe, panda Old Kampala. Kapteni Lugard, Mwingereza, alijenga ngome yake pale mwishoni mwa 1890, na Jumba la Makumbusho lilianzia humo 1908 kabla ya kuhamia Makerere na kisha kwenye jengo lake la sasa mwaka 1954. Ngome ilibomolewa kupisha Msikiti wa Taifa, na mfano wake ukajengwa pembeni. Panda mnara wa msikiti uione Kampala yote. Ukishuka, kumbuka kwamba mfano ukiuchimba chini yake hutakuta jiko la mtu.

Mtaro ukifukiwa, mwaka kesho nitajuaje ulikuwa wapi?

Kwa macho hutajua, na ndivyo inavyotakiwa. Ramani inabaki makumbusho. Kabla ya kurudisha udongo, wachimbaji huweka kitu cha leo chini kabisa, karatasi ya plastiki au sarafu, ili atakayechimba miaka 50 ijayo ajue wenzake walifika hapo. Mara ya mwisho nilitoa shilingi 500 yangu mfukoni niwape. Vijana wa chekeche wakanirudishia, wakatupia kifuniko cha soda. Walisema sarafu ingefukuliwa kabla ya jua kuzama.